Nani Atarithi Maneno? Pootle na Historia ya Kutafsiri Programu Huria kwa Kiswahili



Tumezoea kuisimulia historia ya usanifishaji wa Kiswahili kwa kupitia kamati, kamusi na vitabu vya sarufi. Tunaanza na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, tunapita kwenye kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939, tunafika kwenye kuundwa kwa BAKITA mwaka 1967, na aghalabu tunaishia katika maktaba ya chuo kikuu kimojawapo. Masimulizi hayo ni sahihi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 sasa sehemu kubwa ya maneno mapya ya Kiswahili haikuzaliwa katika vikao vya kamati. Imezaliwa katika visanduku vidogo vya kuandikia, ndani ya vivinjari vya intaneti, kwa mikono ya watu wa kujitolea wanaotafsiri programu za kompyuta. Visanduku hivyo ni mali ya programu nyingine, na programu hiyo nayo huzeeka. Mhadhara huu unahusu mojawapo ya programu hizo, iitwayo Pootle, na suala la nani atakayerithi yaliyomo ndani yake.

Pootle ni programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake wa chanzo uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Ilitolewa mwaka 2004 na Translate.org.za, shirika lisilo la faida lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2001 na Dwayne Bailey kwa nia ya kuzitafsiri programu huria katika lugha zote 11 zilizokuwa rasmi nchini humo. Jina lake limeundwa kwa herufi za maelezo marefu ya kitaalamu, lakini pia ni jina la mhusika wa kipindi cha televisheni cha watoto cha Uingereza. Waandishi wa programu wana desturi ya kuficha utani ndani ya majina, na mtafiti asiyelijua hili hupoteza muda mwingi akitafuta etimolojia isiyokuwapo.

Ili kuelewa thamani ya zana hii, yafaa tukumbuke kazi ilivyofanyika kabla yake. Sentensi zote zinazoonekana katika programu, kuanzia maneno ya menyu hadi maonyo ya makosa, huchomolewa kutoka katika msimbo na kuwekwa katika faili za matini. Muundo uliotumika zaidi katika ulimwengu wa programu huria ni ule wa mfumo wa GNU gettext, ambapo kila sentensi ya Kiingereza hufuatwa na nafasi tupu ya kujazwa tafsiri. Mfasiri alipaswa kuletewa faili hizo, kuzifungua kwa programu maalumu, kuzijaza bila kuharibu alama hata moja, kisha kuzirudisha kwa mhandisi. Mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa bingwa wa istilahi lakini mgeni wa mambo ya uhandisi alibaki nje ya mlango. Pootle iliufungua mlango huo. Mfasiri alifungua kivinjari, akaona sentensi ya Kiingereza, akaandika tafsiri chini yake. Asiye na idhini ya kubadilisha aliweza kuweka pendekezo, na msimamizi wa lugha akalikubali au akalikataa. Pembeni, programu ilimwonesha mfasiri istilahi zilizokwisha kukubaliwa. Kwa maneno mengine, ilikuwa ni kamati ya lugha iliyoketi saa zote, isiyo na posho wala mwenyekiti.

Mwaka huohuo wa 2004, mwezi Desemba, ilitolewa Jambo OpenOffice. Hii ilikuwa tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi za kuandikia barua, kupigia mahesabu na kuandalia maonesho. Kazi hiyo ilifanywa na mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao wa kampuni ya IT+46 kutoka Uswidi. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Microsoft nayo ilikuwa ikiandaa sura ya Kiswahili ya bidhaa zake. Magazeti ya wakati ule yalipenda kulieleza jambo hili kama mashindano. Mimi naona tofauti iliyo ya maana kwa wanaisimu haikuwa ya nani aliyetangulia. Tofauti ilikuwa katika uwazi wa kazi: katika programu huria tunaweza kuyasoma maamuzi ya wafasiri, sentensi moja baada ya nyingine, na kumwuliza kila neno lilikotoka.

Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu ndipo penye mambo ya isimu.

Kiingereza kina neno moja tu lenye maana ya -pya, na waandishi wa programu hulitumia peke yake kwenye menyu, bila nomino. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kulijibu neno hilo kabla ya kujua ni nini kilicho kipya. Ikiwa ni faili, litakuwa jipya. Folda itakuwa mpya. Kidirisha kitakuwa kipya. Mfumo wa gettext, kwa desturi yake ya asili, uliziunganisha sentensi zote zilizofanana kwa herufi na kuzidai tafsiri moja. Njia ya kuzitenganisha kwa kuandika muktadha iliongezwa mwaka 2006 tu. OpenOffice haikutumia muundo huo kwa asili. Faili zake zilikuwa za namna ya pekee, na iliwalazimu wahandisi wa Translate.org.za kutengeneza vigeuzi vya kuzileta katika muundo wa gettext na kuzirudisha tena zilikotoka. Vigeuzi hivyo na vingine vya aina yake huitwa kwa pamoja Translate Toolkit, na nitavirejea baadaye.

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Programu nyingi huandika sentensi yenye pengo: jina la kitu huingizwa wakati programu inapotumika, na kitenzi kimekwisha kuandikwa. Je, kitu kilichofutwa kimefutwa, limefutwa, imefutwa au umefutwa? Faili limefutwa, folda imefutwa, kiungo kimefutwa, ujumbe umefutwa. Wabunifu wa gettext walikuwa wameliwaza suala la idadi, na kwa hilo wanastahili sifa: kila lugha iliruhusiwa kutaja ina maumbo mangapi ya umoja na wingi, Kiarabu kikapewa 6 na Kiswahili 2. Kwa idadi, maumbo mawili yanatutosha kabisa. Lakini hakuna aliyeuliza kuhusu upatanisho wa kisarufi. Mfumo uliundwa na watu ambao katika lugha zao nomino haikitawali kitenzi kwa namna ile inavyokitawala katika lugha za Kibantu.

Wafasiri walijitafutia njia. Njia ya kwanza ni kuchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI kuwa wa wote, na hivyo msomaji huona jina la faili likifuatwa na imefutwa. Njia ya pili ni kukikwepa kitenzi kwa kutumia nomino ya tendo, mathalani kuandika kwamba ufutaji umekamilika. Njia ya tatu ni kuitia nomino kuu ndani ya sentensi, kwa kuandika kwamba kipengee fulani kimefutwa, ili kitenzi kipatane na kipengee na jina lolote lije baadaye. Njia hii ya tatu ndiyo bora kwa maoni yangu, ingawa hurefusha sentensi na vitufe vya kubofya vina nafasi finyu. Jambo la kutazamwa ni kwamba tuna hapa ushahidi wa namna wazungumzaji wanavyoamua upi uwe upatanisho wa kawaida pale ngeli isipojulikana. Swali hilo wanaisimu wa Kibantu wamelijadili kwa kutumia mifano ya kubuni, na kumbe mifano halisi imelala katika faili za programu kwa maelfu.

Yapo pia mambo madogo yanayofurahisha. Neno hariri katika menyu hulipata maana yake kwa kuwekwa karibu na faili na tazama. Lingesimama peke yake, msomaji wa pwani angeweza kuiwaza nguo. Neno hifadhi ni kitenzi na ni nomino, na katika programu moja huenda likatokea mara mbili likiwa na kazi mbili. Zaidi ya hayo, lipo lile shindano tunalolijua sote: kompyuta au tarakilishi, nenosiri au nywila, kivinjari au kisakuzi. Katika kamusi shindano hili humalizwa kwa kuorodhesha maneno yote mawili. Programu hairuhusu ukarimu huo. Kitufe kina neno moja, na lililochaguliwa huwafikia watu wasiowahi kufungua kamusi.

Kwa kuwa uchaguzi ulikuwa mgumu kiasi hicho, lazima palikuwa na mabishano. Na hapa ndipo historia ya zana inapokuwa historia ya lugha. Tafsiri iliyokubaliwa hutoka katika Pootle na kwenda kukaa ndani ya programu iliyotafsiriwa. Hiyo imesalimika popote programu hiyo ilipo. Lakini mapendekezo yaliyokataliwa, maoni ya wasimamizi, na kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini, makazi yake ni hifadhidata iliyo kwenye seva. Seva ikizimwa bila nakala kuchukuliwa, tunabakiwa na hukumu bila ya mwenendo wa kesi.

Na seva nyingi zimezimwa. Pootle ilikuwa na miaka yake ya ustawi. Mnamo mwaka 2009 iliandikwa upya juu ya mfumo wa Django. Kazi ya shirika lile ilipata msaada wa wafadhili, wakiwamo IDRC wa Kanada waliougharamia mtandao wa Kiafrika wa ujanibishaji wa programu. Mozilla na LibreOffice ziliitumia kwa lugha kadhaa. Ilipata hata ndugu wa kuhifadhi tafsiri za zamani, akaitwa amaGama, neno la Kizulu lenye maana ya maneno. Baada ya hapo kasi ilipungua. Fedha za miradi huja kwa miaka mitatu mitatu na huisha pamoja na ripoti ya mwisho, ilhali programu haina ripoti ya mwisho. Matoleo ya Pootle yaliyokuwa yakitegemewa, yale ya mfululizo wa 2.8, yalifanya kazi katika lugha ya kompyuta ya Python ya kizazi cha pili. Kizazi hicho kiliachwa rasmi na watunzaji wake tarehe 1 Januari 2020, na tangu siku hiyo kasoro za usalama zinazogunduliwa humo haziwajibikiwi nao. Programu ya kwenye tovuti haizeeki kama kitabu, kwa manjano ya karatasi. Yenyewe inabaki ilivyo, lakini kila inachokiegemea huondoka.

Watumiaji wakubwa walihama. Mozilla ilikuwa na zana yake, Pontoon. LibreOffice ilihamia Weblate mwaka 2019. Msimbo wa Pootle haukufutwa; uko hadharani, na leseni yake inamruhusu yeyote kuuendeleza. Watu husema, basi haijafa. Kisheria ni kweli. Kwa vitendo, kuifufua kunadai mtu aliye tayari kuisoma kazi ya miaka 15 ya watu wengine, kuihamishia katika Python mpya na Django mpya, kisha kukaa akiitunza. Haki ya kurithi shamba tunayo sote, jembe halijashikwa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wasimulizi wa kifo cha Pootle hulisahau. Vile vigeuzi nilivyovitaja, Translate Toolkit, havikufa. Weblate, iliyoanzishwa na Michal Čihař wa Jamhuri ya Cheki mwaka 2012, huvitumia kusoma na kuandika faili za aina nyingi, na watu wa Weblate ndio wanaovitunza sasa. Hivyo sehemu ya kazi ya Afrika Kusini inaendelea kutumika Ulaya na duniani, ndani ya nyumba yenye jina jingine. Yeyote anayefundisha historia ya teknolojia katika bara letu aitaje habari hii. Tumezoea kuisimulia Afrika kama mpokeaji wa zana, na hapa alikuwa mtengenezaji.

Turejee kwenye OpenOffice, kwa sababu tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 2004 ilipata misukosuko yake. OpenOffice ilitokana na programu ya kampuni ya Kijerumani ya Star Division, iliyonunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999. Sun iliufungua msimbo wake mwaka 2000. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle, na kabla mwaka huo haujaisha sehemu kubwa ya wanajumuiya walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle iliukabidhi mradi wa asili kwa taasisi ya Apache. Basi tafsiri moja ikajikuta na nyumba mbili. Leseni zake zilikuwa na mteremko wa upande mmoja: LibreOffice iliweza kuchukua kutoka Apache, ilhali Apache haikuweza kuchukua kazi mpya ya LibreOffice. Mfasiri wa Kiswahili aliyetaka kusahihisha neno alipaswa kwanza kuchagua upande katika ugomvi wa Ulaya na Marekani usiomhusu. Mwaka 2016 mwenyekiti wa kamati ya Apache OpenOffice, Dennis Hamilton, aliliweka wazi swali la kuustaafisha mradi huo kwa uchache wa watunzaji. Haukustaafishwa. Lakini tangu toleo la 4.1 la mwaka 2014 umekuwa ukitoa marekebisho ya mfululizo uleule.

Kiswahili kilipokelewa katika programu hizo kwa alama ya sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Alama hiyo ni ya kihandisi, hutokana na orodha ya lugha na nchi, na sidhani kuwa aliyeiandika alikusudia siasa yoyote. Lakini mfasiri wa Nairobi au Bukavu anayeiona ana haki ya kujiuliza kama nafasi ile ni yake. Orodha za kimataifa za leo zinatambua pia Kiswahili cha Kenya, cha Uganda na cha Kongo. Kuwa na nafasi nne za kujaza si faida ikiwa wajazaji wanatosha nafasi moja, na huenda hiyo moja haitoshi.

Linganisheni sasa hali hii na ile ya Kamati ya mwaka 1930. Ofisi ya Kamati ile ilihamahama: Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Mombasa, kisha Dar es Salaam tena mwaka 1964 ilipogeuzwa kuwa chuo cha uchunguzi, ambacho baadaye tulikiita TUKI na tangu mwaka 2009 kimo ndani ya TATAKI. Ilibadilisha majina, watawala na wafadhili. Lakini ilikuwa na jarida lake, na ndani ya jarida hilo zilichapishwa orodha za maneno pamoja na hoja za waliokubali na waliopinga. Tunaweza leo kuwalaumu wajumbe wake kwa kuwaweka wazungumzaji wenyewe pembeni, na lawama hiyo ni ya haki, kwa sababu hoja zao tunazo. Wafasiri wa programu huria walikuwa wengi wao wazungumzaji wenyewe, walifanya kazi kwa uwazi uliozidi ule wa Kamati, na huenda ndio ambao hoja zao zitapotea kabisa. Uwazi wa kusomeka leo haukuwa na uhakika wa kusomeka kesho.

Baadhi ya wenzangu wanapendekeza vyuo vikuu vyetu viichukue Pootle na kuifufua, kwa kuwa ni ya Kiafrika. Naiheshimu hisia hiyo, ila siiungi mkono. Kazi ya kutunza programu ya aina hii inahitaji wahandisi wawili au watatu kwa miaka mingi, na wahandisi hao tukiwapata, afadhali wafanye kazi ndani ya Translate Toolkit inayotumika, na waidai Weblate ijali upatanisho wa ngeli. Weblate nayo haina dhamana ya milele. Imesimama juu ya mwanzilishi wake na kampuni inayouza huduma ya kuihifadhi, na mwaka wowote jambo linaweza kubadilika.

Kinachoweza kufanywa na wanaisimu ni kidogo na kina haraka. Mahali popote ambapo seva ya Pootle yenye kazi ya Kiswahili bado inawashwa, au nakala ya hifadhidata yake imebaki kwenye diski ya mtu, iombwe. Ukubwa wake si tatizo. Matini ni nyepesi, na flashi ya kawaida itaibeba na nafasi ikabaki. Ugumu uko katika mambo mawili. Kwanza, hifadhidata ina majina na anwani za barua pepe za watu waliojitolea, ambao walikubali tafsiri zao zigawiwe lakini hawakuulizwa kama mabishano yao yawekwe katika maktaba. Hao hapana budi watafutwe na kuombwa ridhaa, na wasiopatikana majina yao yafunikwe. Pili, jedwali la mapendekezo halisomeki bila ya sentensi za Kiingereza za toleo lilelile, kwa kuwa kila pendekezo linarejelea sentensi yake kwa namba. Anayechukua jedwali moja na kuyaacha mengine amechukua majibu bila maswali. Kwa hiyo mwanafunzi atakayeifanya kazi hii aombe hifadhidata nzima pamoja na faili za tafsiri za tarehe ileile, aandike toleo la Pootle lililokuwa likitumika, na afanye hivyo kabla msimamizi wa seva hajapokea bili ya mwaka unaofuata.